Kagua Kabla ya Kupulizia: Mwongozo kwa Wakulima wa Michungwa wa Kibiti na Bonde la Rufiji

Mwongozo huu umeandikwa kwa wakulima wa michungwa, michenza na milimau wa wilaya za Kibiti na Rufiji, kwa wenye vitalu vya miche, kwa vibarua wa kupalilia na kuchuma, na kwa maafisa ugani wa kata ambao mara nyingi huitwa shambani mti ukiwa umeshakauka nusu. Yaliyomo yametokana na utafiti, lakini yamechaguliwa yale tu yanayowezekana kwa mwenye ekari moja au mbili, panga, mkasi wa kupogolea na bomba la mgongoni.

Msimamo wake ni huu. Katika ukanda wetu hatima ya mchungwa huamuliwa mara mbili kabla dawa haijanunuliwa: siku mche unapochaguliwa, na siku maji yanapotuama kwenye shina. Anayeanzia dukani kwa muuza pembejeo ameanzia mwisho.

Ifahamike pia kwamba shamba la Bungu au Jaribu Mpakani, kwenye mchanga wa juu, si sawa na shamba la Muhoro au Ikwiriri kwenye udongo wa bonde, wala si sawa na kiunga cha Nyamisati ambako maji ya chumvi hupanda na bamvua. Ushauri uliofaa Muheza, ambako michungwa imelimwa kwa wingi kwa miaka mingi, usichukuliwe mzima mzima na kupandwa huku.

UKAGUZI

Mchungwa huchipua kwa vipindi, hasa mvua za vuli na za masika zinapoanza. Machipukizi hayo mororo ndiyo chakula cha wadudu wengi watakaotajwa hapa. Kwa hiyo, machipukizi yakitoka, pita shambani kila wiki. Yakikomaa, kila baada ya wiki mbili inatosha. Usikague miti ya ukingoni mwa njia peke yake. Kata shamba kwa mshazari, simama kwenye mti mmoja kila baada ya miti michache, geuza majani uangalie chini yake, kisha shika sahani nyeupe chini ya tawi na uligonge tawi kwa kijiti mara tatu. Wadudu wadogo wataanguka kwenye sahani na utawaona.

Andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, mti wa ngapi kwenye mstari wa ngapi, ulichokiona. Mtafiti au afisa kilimo atakayekuja baadaye atafaidika zaidi na kurasa hizo kuliko na maelezo ya kukumbuka kwa kichwa, na wewe mwenyewe utajua kama tatizo linasambaa au limetulia.

UGONJWA WA UKIJANI

Huu ndio ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote, na ndiyo sababu unapewa nafasi kubwa hapa. Wataalamu huuita huanglongbing, kwa kifupi HLB. Husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mirija inayosafirisha chakula cha mti. Husambazwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, aitwaye sailidi, na pia kwa kubebesha kikonyo kilichotoka kwenye mti mgonjwa. Hauna tiba. Marekani, katika jimbo la Florida, uligunduliwa mwaka 2005, na tangu hapo mavuno ya machungwa ya jimbo hilo yameporomoka kwa zaidi ya asilimia 80, pamoja na fedha zote, maabara zote na ndege za kunyunyizia dawa walizo nazo.

Kwa miaka mingi mkulima wa pwani alikuwa na kinga asiyoijua, nayo ni joto. Ugonjwa huu una sura mbili zinazotuhusu. Ile ya Kiafrika, pamoja na sailidi wake, hupenda nyanda za juu zenye ubaridi na hufifia joto linapozidi nyuzi 30. Ndiyo maana wakulima wa milimani waliufahamu zamani na sisi wa tambarare hatukuusikia. Sura ya Kiasia ni kinyume chake: bakteria wake huvumilia joto hadi nyuzi 35, na sailidi wa Asia hustawi vizuri mahali penye joto kama letu. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Mansour Shimwela lilichapisha taarifa ya kwanza ya kuonekana kwa sailidi wa Asia Afrika Mashariki, na mahali penyewe ni hapa Tanzania. Mwaka 2020 utafiti uliohusisha kituo cha icipe cha Nairobi ukaripoti kwa mara ya kwanza bakteria wa Kiasia nchini Kenya. Kinga ya joto basi haipo tena. Barabara ya Kilwa hupitisha miche, matawi na matenga ya machungwa kila siku, na kati ya Dar es Salaam na Daraja la Mkapa hakuna baridi ya kumzuia mdudu huyu njiani.

Sailidi mzima ana urefu wa milimita 3 hadi 4, na akitua kwenye jani hukaa ameinua makalio juu, kichwa chini. Hakuna kidukari anayekaa hivyo. Wa Asia ana mabawa yenye madoa ya kahawia, na watoto wake huacha nyuzi nyeupe za nta kwenye chipukizi linalojikunja. Wa Afrika ana mabawa maangavu, na watoto wake hukaa kwenye vishimo upande wa chini wa jani, hivyo upande wa juu huonekana vinundu. Ukiona vinundu, andika. Ukiona nyuzi za nta, andika na umpigie afisa kilimo siku hiyo hiyo.

Dalili kwenye mti zinahitaji utulivu, kwa sababu njaa ya udongo hufanana nazo. Jani lenye upungufu wa zinki, jambo la kawaida kwenye mchanga wa Kibiti, huwa na njano inayolingana pande zote mbili za uti wa kati. Jani la mti wenye HLB huwa na mabaka yasiyolingana. Njia ya kutofautisha ni rahisi: chukua kalamu, chora duara upande mmoja wa uti, chora jingine mahali pale pale upande wa pili, kisha linganisha rangi. Zikitofautiana kwenye majani mengi ya tawi moja, huku matawi mengine yakiwa mazima, una sababu ya kushuku. Kata na tunda kwa urefu: chungwa la mti mgonjwa hupinda upande, mbegu zake huwa nyeusi na zilizosinyaa, na ladha yake huwa chungu.

Jambo moja lisikutishe. Vitabu vingi vya nje vinasema dalili kuu ni ganda kubaki la kijani. Chungwa hupata rangi yake kwa usiku wenye ubaridi, na huku kwetu usiku wa namna hiyo ni haba. Chungwa letu huiva na kuwa tamu likiwa bado kijani. Anayeng'oa mti kwa sababu ya ganda la kijani atang'oa shamba zima bila sababu.

Mti ukishukiwa, usiukate kwanza. Ufunge kitambaa, uandike daftarini, chukua sampuli kama itakavyoelezwa mwishoni, na usikate kikonyo kutoka kwake wala kwa jirani zake. Maabara ikithibitisha, ua kwanza wadudu waliomo kwa kiuatilifu kilichosajiliwa, ndipo uangushe mti, kwani ukiangusha kwanza sailidi watahamia mti wa pili. Kisiki king'olewe, maana machipukizi ya kisiki ni hifadhi ya bakteria. Najua ugumu wa ushauri huu kwa mwenye mti uliomsomeshea watoto na ambao bado una majani. Wapo wanaoshauri kuulisha mbolea za majani ili uendelee kuzaa, na kweli unaweza kusogea misimu kadhaa; lakini muda wote huo unawalisha sailidi wa kijiji kizima. Kwenye mashamba madogo yaliyopakana, uamuzi wa mtu mmoja ni uamuzi wa wote, kwa hiyo jambo hili lijadiliwe kwenye mkutano wa kitongoji mapema, mti wa kwanza ukiwa haujashukiwa.

Sailidi wa Asia huishi pia kwenye mti wa majani ya kari yanayotiwa mchuzini, na kwenye ua la uzio lenye maua meupe yanayonukia kama ya mchungwa. Usiruhusu mimea hiyo iletwe kutoka mjini na kupandwa karibu na shamba au kitalu. Kisiwani Réunion, kwenye Bahari hiyo hiyo ya Hindi, watafiti waliwashinda sailidi wa aina zote mbili miaka ya 1970 na 1980 kwa kuachia vinyigu wadogo wanaotaga kwenye watoto wa sailidi hao. Hiyo ni kazi ya taasisi, mkulima mmoja haiwezi. Kazi yake ni kuwaacha hai maadui wa wadudu waliopo tayari shambani, na tutalirudia hilo kwenye suala la salfa.

MCHE

Nunua mche kwa mtu anayeweza kukuonyesha mti mama. Kama hawezi, au kama vikonyo vyake vimetoka kwa watu mbalimbali, ondoka hata kama bei ni nzuri. Mche hubeba HLB na virusi vya tristeza bila kuonyesha dalili yoyote kwa miezi mingi; macho hayatakusaidia hapo, historia yake ndiyo itakayokusaidia.

Uliza umebebeshwa juu ya shina gani. Mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi huuawa na tristeza, ambayo husambazwa na vidukari weusi wa michungwa. Uliobebeshwa juu ya limau chachu huvumilia tristeza na hustahimili ukame wa mchanga, ila ni dhaifu mbele ya maradhi ya kuoza shina. Kwa mashamba ya juu, Bungu hadi Kibiti mjini, limau chachu ni chaguo la kufaa. Kwa bonde ambako maji hutuama, hata shina zuri halitoshi bila tuta.

Mwenye kitalu aweke kitalu mbali na michungwa mikubwa, akipata uwezo akizungushie chandarua chenye matundu madogo, na asafishe kisu chake kwa spiriti au jiki anapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Pale anapobebesha, apandishe kovu la kubebeshea hadi sentimita 20 au 30 kutoka usawa wa udongo. Sababu ya hilo inafuata.

MAJI, GUNDI NA CHUMVI

Mti unaotoa gundi karibu na ardhi, ganda likipasuka na ukikwangua unakuta kahawia badala ya weupe, una ugonjwa wa kuoza shina. Kimelea chake, fitoftora, huishi udongoni na hutoa mbegu zinazoogelea. Zinahitaji maji tu yaliyosimama kwa saa kadhaa zifike kwenye ganda la mti. Hii ndiyo sababu ya kovu kukaa juu: sehemu ya mchungwa mtamu iliyo juu ya kovu ni dhaifu kuliko shina la chini, na ikifukiwa udongo hushambuliwa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba Rufiji na Kibiti yalifanya mambo mawili kwa pamoja. Yaliinyima mizizi hewa, na yalihamisha udongo wenye kimelea kutoka shamba hadi shamba. Baadhi ya miti hufa maji yakiwa bado yapo. Mingine husimama, huchanua kwa wingi kupita kawaida, kisha hufa msimu unaofuata. Maua mengi ya mti uliotoka mafurikoni mara nyingi ni dalili ya mti unaokufa, wala si baraka.

Maji yakishuka, fanya hivi. Fukua tope lililofunika shina hadi uone mizizi mikubwa inapoanzia. Chimba mfereji wa kutoa maji. Usiweke mbolea ya chumvichumvi kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuila. Pogoa matawi yaliyokauka tu. Kwangua ganda lililooza kwa kisu safi hadi ufike kwenye nyama hai na sentimita moja au mbili zaidi pembeni, acha jeraha likauke siku moja, kisha lipake uji wa mrututu na chokaa.

Uji huo hutengenezwa kwa kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa na lita 10 za maji. Loweka mrututu kwenye ndoo ya plastiki yenye nusu ya maji, kamwe si sufuria wala debe, kwa sababu shaba hula chuma. Koroga chokaa kwenye nusu nyingine. Mimina mrututu polepole ndani ya chokaa huku ukikoroga. Tumbukiza msumari msafi dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza ganda. Tumia siku hiyo hiyo, kwa brashi, kutoka chini hadi urefu wa goti au kidogo zaidi. Ndoo na brashi visioshewe mtoni wala kwenye mkondo wa delta. Shaba huua samaki, na viuatilifu vingi vya wadudu huua kamba kwa kiasi kidogo mno cha kushangaza; anayeoshea bomba lake mkondoni anamlipisha mvuvi gharama ya machungwa yake.

Kwa kupanda upya bondeni, inua tuta pana lenye kimo cha angalau nusu mita na upande juu yake. Usitengeneze bakuli la kumwagilia linalogusa shina. Bakuli lianze mbali kidogo na shina, chini ya kivuli cha matawi, ambako mizizi inayokunywa iko.

Wa delta ya chini wana shida nyingine inayofanana na ugonjwa. Mchungwa ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi kabisa. Majani yakiungua nchani na ukingoni, kuanzia yale ya zamani, na kisima chako kikiwa na ladha ya chumvi wakati wa kiangazi, hakuna kimelea cha kutafuta. Kule Mbwera na visiwa vya jirani, nguvu hiyo ingefaa zaidi kwenye mnazi.

NZI WA MATUNDA NA NONDO

Nzi wa matunda anayetusumbua zaidi alitoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaonekana Tanzania muda mfupi baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, walionyesha mapema jinsi alivyowazidi nguvu nzi wa asili kwenye maembe na mapera. Kwake mwembe, mpera na mchungwa ni meza tatu za karamu moja: embe likiisha anahamia pera, kisha chungwa. Kwa hiyo anayesafisha michungwa na kuacha maembe yakioza chini ya mti wa jirani anafanya nusu ya kazi.

Okota matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito na uuache juani hadi funza wafe, au yafukie kwa kina cha kuanzia nusu mita, kwa kuwa kwenye kina kifupi nzi wapya hutoka. Mitego yenye harufu ya methili yujenoli hunasa madume tu. Inafaa kukuonyesha wingi wao. Chupa mbili tatu kwenye ekari haziokoi mavuno. Chambo cha protini chenye kiuatilifu, kikipigwa kwa matone mahali pamoja kwenye kila mti, huvuta majike yenye njaa kabla hayajataga, na hutumia dawa kidogo kuliko kuogesha mti mzima.

Ukipasua chungwa na kukuta funza wengi weupe wasio na miguu, ni nzi. Ukikuta kiwavi mmoja wa rangi ya waridi, mwenye kichwa cheusi au cha kahawia, na kinyesi kama unga kwenye tundu, ni nondo, na mitego ya nzi haimhusu. Usafi wa matunda yaliyoanguka huwapunguza wote wawili.

MAJIMOTO NA SALFA

Kila mchumaji wa Kibiti anamchukia majimoto, na kwa haki. Hata hivyo sisimizi huyu ndiye askari wa zamani zaidi kwenye historia ya kilimo: Wachina waliandika tangu karne ya 4 kwamba waliuza viota vya ndugu yake sokoni ili viwekwe kwenye michungwa, na wakulima wa delta ya Mekong kule Vietnam wanaendelea kumtumia. Unguja, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alichunguza jinsi majimoto wanavyolinda minazi dhidi ya kunguni anayeangusha madafu machanga, na kunguni huyo akapewa jina lake.

Ushauri: waache kwenye miti mikubwa, pogoa matawi yanayogusana na njia ya kupita, na chuma asubuhi mapema. Wana kasoro moja ya kweli, nayo ni kulinda magamba na vidungata ili wapate utamu wao, na kutokana na utamu huo masizi meusi hufunika majani. Mti ukijaa masizi, waondoe kwenye mti huo. Dhidi ya sailidi usiwategemee.

Wengi huku wamechanganya michungwa na mikorosho. Salfa inayopuliziwa korosho dhidi ya ubwiriunga hupeperushwa na upepo hadi kwenye michungwa, huunguza majani na matunda siku za joto kali, na huua vinyigu wanaotulinda. Dawa za mbu wa mikorosho huua hata majimoto. Pulizia alfajiri kabla ya upepo, na acha mstari wa mwisho wa mikorosho unaopakana na michungwa bila vumbi la salfa.

Wadudu wengine usiwape muda mwingi. Viwavi wa kipepeo wanaofanana na kinyesi cha ndege huokotwa kwa mkono. Funza anayechora mistari ya fedha kwenye majani machanga huumiza mche, si mti mkubwa.

DAWA NA SAMPULI

Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, chenye lebo inayosomeka na inayotaja mchungwa. Zingatia siku za kusubiri kabla ya kuchuma hata kama mnunuzi wa Temeke ameshaleta gari. Usirudie kundi moja la dawa mfululizo; muulize muuzaji akuonyeshe namba ya kundi kwenye lebo, na asipoijua, nenda duka jingine.

Sampuli ya kupeleka maabara, kwa mfano TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam, ipitie kwa afisa kilimo wa kata ili ifuatane na barua. Kwa HLB kata vijiti vyenye majani yenye mabaka kutoka pande nne za mti, pamoja na vikonyo vya majani hayo, uvifunge kwa gazeti kavu, kisha mfuko, na uvisafirishe kwenye boksi lenye ubaridi ndani ya siku moja au mbili. Majani mabichi yaliyofungwa yakiwa na maji huoza na hayafai kitu. Kwa kuoza shina chukua mizizi midogo na udongo unyevu wa karibu nayo, vikae kivulini, visigandishwe wala visikauke. Kila mfuko uandikwe kwa penseli: kijiji, tarehe, aina ya mti, shina ulilobebeshewa, umri, na lini dalili zilianza. Sailidi watumbukizwe kwenye kichupa cha spiriti kali pale pale shambani. Mdudu hai, hata ndani ya chupa iliyofungwa, asipandishwe basi.